Kukifundisha Kichujio cha Barua Taka katika Programu ya Barua Pepe

Kichujio cha barua taka hukosea kwa namna mbili, na makosa hayo hayana uzito sawa. Kosa la kwanza ni kuiachia barua taka ipite hadi kwenye kikasha, na hasara yake ni sekunde chache za kuifuta pamoja na kero ya kukisoma kichwa chake. Kosa la pili ni kuikamata barua njema na kuificha kwenye folda ambayo mwenyewe haifungui, na hasara yake yaweza kuwa kazi, ankara isiyolipwa kwa wakati, miadi ya daktari au habari ya msiba. Mimi mwenyewe niliwahi kuliona jibu la maombi yangu ya kazi siku kumi na moja baada ya kutumwa, likiwa limelala kati ya matangazo ya dawa na ya bahati nasibu, na nafasi yenyewe ilikwisha kujazwa. Tangu siku hiyo nakichukulia kichujio kama mwanafunzi anayehitaji kufundishwa, kusahihishwa na kusimamiwa, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuyafanya hayo matatu.

Mfano wangu mkuu utakuwa Thunderbird, kwa sababu ni programu huria, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na kichujio chake hujifunza moja kwa moja kutokana na maamuzi ya mtumiaji. Anayetumia Apple Mail, Outlook au Gmail atakuta maelezo mafupi baadaye, lakini sehemu inayohusu mafunzo inamfaa yeye pia.

Namna kichujio kinavyoamua

Ni vigumu kumfundisha mwanafunzi ambaye hujui anavyofikiri, kwa hiyo tuanzie hapo. Vichujio vinavyojifunza hutumia hesabu ya uwezekano inayohusishwa na Thomas Bayes, mchungaji na mwanahisabati wa Uingereza ambaye andiko lake kuhusu jambo hilo lilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Watafiti walianza kuitumia hesabu hiyo kutenganisha barua pepe katika miaka ya 1990, lakini ilienea kwa watu wa kawaida baada ya Agosti 2002, pale Paul Graham, mtunga programu wa Marekani, alipoeleza hadharani namna rahisi ya kuitekeleza. Muda mfupi baadaye ilikuwa imekwisha kuingizwa katika programu za barua pepe zinazotumika kila siku.

Kiini chake kinaweza kuelezwa kwa mfano mmoja. Tuseme umekwisha kukionyesha kichujio barua taka 200 na barua njema 200, na neno “ushindi” limeonekana katika barua taka 40 na katika barua njema 2 tu. Maana yake ni kwamba neno hilo limo katika asilimia 20 ya taka na asilimia 1 ya barua njema. Ukilitazama peke yake, linauelekeza ujumbe upande wa taka kwa nguvu ya mara 20, yaani uwezekano wa asilimia 95 hivi. Sasa tuseme ujumbe huohuo una jina la mradi mnaoufanya kazini, neno ambalo limeonekana katika barua njema 60 na katika barua taka 3. Ushahidi huo nao una nguvu ya mara 20, ila unavuta upande wa pili, na mizani inarudi katikati. Kichujio hufanya hivyo kwa maneno mengi ya ujumbe, pamoja na baadhi ya taarifa za kiufundi zinazousindikiza, kisha hujumlisha ushahidi wote na kutoa uamuzi.

Kutokana na mfano huo msomaji ataona jambo ambalo watumiaji wengi hawalifahamu: maneno yanayoitetea barua njema yana kazi kubwa sawasawa na maneno yanayoishtaki barua taka. Kichujio kilichoonyeshwa taka peke yake ni kama hakimu aliyesikiliza upande mmoja wa kesi. Ataona pia kwa nini mafunzo ya mtu mmoja hayamfai mwingine. Mfamasia hupokea kila siku barua halali zenye majina ya dawa, na mtu wa benki hupokea barua halali zinazozungumzia mikopo, ilhali kwa wengine wetu maneno hayohayo ni dalili mbaya. Mtumaji wa taka anaweza kuujaribu ujumbe wake dhidi ya vichujio vya jumla hadi upenye, lakini hana njia ya kujua msamiati wa barua zako wewe, na hapo ndipo penye nguvu ya kichujio ulichokifundisha mwenyewe.

Uchujaji wa seva na uchujaji wa programu

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fahamu kwamba barua yako hupita katika vichujio viwili. Cha kwanza kiko kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wako wa barua pepe inayozipokea barua kabla hazijakufikia. Hicho hutazama ulikotoka ujumbe, huhakikisha kama mtumaji ana haki ya kutumia anwani aliyoiandika kwa kutumia mifumo iitwayo SPF, DKIM na DMARC, na mara nyingi huupa ujumbe alama. Programu ya SpamAssassin, ambayo seva nyingi huitumia, hujumlisha alama za dalili mbalimbali na, kwa mpangilio wake wa kawaida, huuhesabu ujumbe kuwa taka ukifikisha alama 5. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka watumaji wanaopeleka ujumbe 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti zake wathibitishwe kwa mifumo yote mitatu niliyoitaja, na katika matangazo yao waweke njia rahisi ya kujiondoa.

Kichujio cha pili ndicho kilichomo ndani ya programu kwenye kompyuta yako. Hiki huona tu barua zilizovuka cha kwanza, na ndicho tutakachokifundisha.

Kuna mtego mmoja unaowanasa watu wengi hapa, nao unahusu IMAP na POP, njia mbili ambazo programu hutumia kuzichukua barua kutoka kwenye seva. Ikiwa akaunti yako imeunganishwa kwa IMAP, folda ya taka ya seva huonekana ndani ya programu pamoja na folda nyingine, au unaweza kuichagua ionekane. Ikiwa imeunganishwa kwa POP, programu huchukua barua za kikasha peke yake, na zile ambazo seva imezihukumu kuwa taka hazifiki kabisa kwenye kompyuta. Mtu wa POP anaweza kukaa mwaka mzima akidhani hakuna barua njema iliyopotea, kwa sababu tu hajawahi kuona mahali zinapopotelea. Kama ndivyo ulivyo, ingia kwenye akaunti yako kupitia kivinjari na uikague folda hiyo leo. Kama huna sababu maalumu ya kubaki na POP, ushauri wangu ni kuhamia IMAP. Ila zile barua zilizohifadhiwa kwenye kompyuta peke yake uziwekee nakala kwanza.

Kuandaa mipangilio katika Thunderbird

Fungua mipangilio ya akaunti, na chini ya jina la akaunti yako utaona sehemu ya barua taka, ambayo kwenye skrini huandikwa kwa neno “Junk”. Weka tiki kwenye kisanduku cha kwanza, kile kinachowasha kichujio kinachojifunza kwa akaunti hiyo. Kila akaunti huwashwa peke yake, lakini mafunzo ni ya pamoja: unachokifundisha kupitia akaunti ya kazi hutumika pia kwenye akaunti ya nyumbani.

Kisha utaulizwa ni vitabu vipi vya anwani ambavyo watumaji waliomo wasihesabiwe kuwa taka. Chagua kitabu chako binafsi, na pia kile cha anwani zilizokusanywa, ambacho programu hukijaza yenyewe kwa anwani za watu uliowaandikia. Hii ndiyo kinga nafuu kuliko zote kwa barua njema, na inafaa kuutenga muda wa kukipitia kitabu cha anwani na kuwaongeza watu na ofisi ambazo huwezi kumudu kukosa barua zao. Lakini hakikisha kwamba anwani yako mwenyewe haimo katika vitabu hivyo. Watumaji wa taka hupenda kughushi anwani ya mpokeaji kwenye nafasi ya mtumaji, ili ujumbe uonekane umetoka kwako kuja kwako, na anwani yako ikiwa kitabuni utakuwa umewafungulia mlango.

Mpangilio unaofuata huuliza kama programu iamini alama zilizowekwa na kichujio cha seva, kwa mfano SpamAssassin. Usijibu kwa kubahatisha. Fungua ujumbe wowote uliopokea, bonyeza Ctrl pamoja na U ili uone chanzo chake, kisha utafute mstari unaoanza na X-Spam-Status au X-Spam-Flag. Mistari hiyo ikiwepo, seva yako inaweka alama, na kuiamini kutakupunguzia kazi. Isipokuwepo, acha mpangilio huo ulivyo.

Chini yake kuna mpangilio wa kuhamisha taka mpya moja kwa moja hadi kwenye folda yake. Hapa natofautiana na wanaoshauri uwashwe siku ya kwanza. Kwa wiki mbili za mwanzo uuache umezimwa, ili ujumbe unaoshukiwa ubaki kwenye kikasha ukiwa na alama ya taka mbele yake. Utaona kila uamuzi wa mwanafunzi wako mbele ya macho yako, na kila kosa utalisahihisha papo hapo. Ukishaona siku kadhaa zimepita bila barua njema kuwekewa alama hiyo, uwashe. Kufuta taka zenye umri fulani ni jambo la baadaye zaidi. Programu hupendekeza siku 14, muda ambao ni mfupi kwa mtu anayesafiri au kuugua. Andika 30, au usiwashe kabisa mpaka uwe na imani.

Yapo pia mipangilio ya programu nzima, katika sehemu ya faragha na usalama. Chagua kwamba ujumbe unaouwekea wewe mwenyewe alama ya taka uhamishiwe kwenye folda ya taka, usifutwe. Usiruhusu taka zihesabiwe kuwa zimesomwa, kwa sababu idadi ya zisizosomwa inayoonekana pembeni mwa folda ndiyo itakayokukumbusha kwenda kuikagua. Na uwashe kumbukumbu ya kichujio, ambayo huandika kila uamuzi kinaoufanya. Siku utakapojiuliza ujumbe fulani ulikwenda wapi, hapo ndipo pa kuanzia.

Mafunzo yenyewe

Samaki mkunje angali mbichi. Wiki za kwanza ndizo zinazoamua tabia ya kichujio, kwa sababu kila mfano unaokipa wakati huo una uzito mkubwa katika hesabu yake. Mfano wa kumi na moja unaweza kuipindua mizani, lakini wa elfu moja na moja hauitikisi.

Anza na barua njema ulizonazo tayari. Watu wengi huirukia taka, nami naomba usifanye hivyo. Pitia kikasha na folda zako za zamani, uchague barua za aina mbalimbali: za wafanyakazi wenzako, za ndugu na marafiki, stakabadhi za manunuzi, taarifa za kubadilisha nenosiri, tiketi za safari, majarida uliyojiandikisha kwa hiari yako. Zichague kwa pamoja ukiwa umeshikilia Ctrl, kisha bonyeza Shift pamoja na J, amri inayosema kwamba hizi si taka. Usichukue barua mia za mtu mmoja, kwa kuwa utakuwa umekifundisha kichujio kumtambua mtu huyo na si zaidi ya hapo. Zile zinazofanana na matangazo lakini ni halali, kama vile stakabadhi na taarifa za akaunti, zina thamani ya pekee, maana ndizo zinazotumia msamiati uleule wa walaghai, na bila wewe kuzitetea zitakuwa za kwanza kukamatwa.

Kisha nenda kwenye folda ya taka ya seva, uikague kwa macho kuhakikisha hakuna barua njema iliyojificha, uchague zilizobaki na ubonyeze J peke yake, amri inayosema kwamba hizi ni taka. Jitahidi idadi za pande mbili zisipishane sana. Kipimo kizuri kinatoka kwa SpamAssassin: sehemu yake inayojifunza haithubutu kutoa uamuzi wowote, kwa mpangilio wa kawaida, mpaka iwe imeonyeshwa taka 200 na barua njema 200. Thunderbird haisubiri kiasi hicho, na ndiyo maana hukosea zaidi mwanzoni, lakini ukilifikia lengo hilo mapema utaona tofauti.

Ukimaliza, mpe mwanafunzi mtihani. Chagua folda ya barua njema ambayo hukuitumia katika mafunzo, nenda kwenye menyu ya zana, uagize kichujio kipite juu ya folda hiyo. Kwa kuwa bado hujawasha uhamishaji, kitaweka alama tu bila kusogeza chochote. Barua yoyote itakayopata alama ya taka ni somo ambalo bado halijaeleweka: iwekee alama ya kuwa njema, kisha tafuta nyingine za aina yake ufanye vivyo hivyo.

Baada ya hapo mafunzo huwa kazi ya kila siku, nyepesi lakini isiyopaswa kukatika. Kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni kufuta. Barua taka inapenya, mtumiaji anakasirika, anaifuta, na kesho yake anashangaa kuiona ndugu yake imekuja tena. Kufuta hakufundishi kitu; ni J ndiyo inayofundisha. Vilevile usiridhike kuiburuta barua kutoka folda moja hadi nyingine, kwa kuwa kinachohesabiwa ni alama uliyoiweka.

Hapa panahitaji uadilifu kidogo. Alama ya taka ni ya barua ambazo hukuziomba. Haifai kutumika kwa barua zilizokuchosha. Ukijiandikisha kupata jarida la duka, kisha ukachoka nalo na kuanza kuliwekea alama ya taka, kichujio kitajifunza kwamba jina la duka hilo, maneno yake na muundo wake ni taka, na siku utakaponunua kitu, stakabadhi yako itakwenda kuungana na jarida. Jarida uliloliomba mwenyewe liondoe kwa kiungo cha kujiondoa kilichomo ndani yake. Kwa barua ya mtu usiyemjua kabisa fanya kinyume: usibofye kiungo chochote, hata kile kinachodai kukuondoa kwenye orodha, maana kwa mtumaji wa taka kubofya huko ni uthibitisho kwamba anwani yako ina mtu anayesoma. Hiyo iwekee J bila kuifungua.

Utakutana na ujumbe uliojazwa maneno yasiyohusiana, pengine aya nzima iliyonakiliwa kutoka hadithi fulani, kwa lengo la kukichanganya kichujio kwa maneno yasiyo na hatia. Wengine huogopa kuuwekea alama ya taka wakidhani wataharibu mafunzo. Hofu hiyo ni kubwa kuliko hatari yenyewe, ikiwa barua njema zako zimefundishwa vya kutosha, kwa sababu maneno ya hadithi ya kigeni ni nadra kuwa ndiyo maneno ya barua zako. Hila nyingine ni kuandika neno kwa makusudi vibaya, kwa kuchomeka tarakimu au nukta kati ya herufi. Hiyo humdhuru mtumaji mwenyewe: neno sahihi huenda limo katika barua njema chache, lakini neno lililopotoshwa hivyo halimo hata katika moja, na kichujio kikiliona mara chache tu kitalishika kama ushahidi mzito.

Mahali ambapo nakuomba usikitegemee kichujio ni kwenye barua za hadaa, zile zinazojifanya zimetoka benki au kwa mtoa huduma wako ili uandike nenosiri. Barua ya namna hiyo hunakili maneno ya barua halisi takribani yote, kwa hiyo hesabu ya maneno haina pa kushika. Iwekee alama ya taka, naam, lakini ziwekee na barua halisi za benki hiyo alama ya kuwa njema ili mizani isiegemee vibaya. Ulinzi wa kweli dhidi ya hadaa ni desturi yako ya kutobofya viungo vya aina hiyo na ya kuandika mwenyewe anwani ya benki kwenye kivinjari.

Kuikagua folda ya taka

Katika wiki mbili za kwanza baada ya kuwasha uhamishaji, ifungue folda ya taka kila siku. Baadaye mara mbili kwa wiki inatosha. Zipange barua kwa jina la mtumaji badala ya tarehe, kwa sababu taka za kundi moja hukaa pamoja na jina unalolifahamu hujitokeza haraka. Ukiikuta barua njema, bonyeza Shift na J, hakikisha imerudi kwenye kikasha, kisha mwongeze mtumaji kwenye kitabu cha anwani. Usiahirishe usahihishaji huo hadi kesho, kwa kuwa kila barua nyingine ya mtumaji huyo itakayofika kabla ya hapo iko hatarini.

Thunderbird haipakui picha zilizohifadhiwa nje ya ujumbe mpaka uiruhusu. Uache mpangilio huo hivyo. Picha kama hiyo, ambayo yaweza kuwa nukta moja isiyoonekana, humjulisha mtumaji kwamba ujumbe wake umefunguliwa na saa ngapi.

Kanuni unazoziandika mwenyewe

Mbali na kichujio kinachojifunza, unaweza kuandika kanuni za wazi: ujumbe wenye sifa fulani utendewe jambo fulani. Zinafaa kwa kuzilinda barua njema. Kanuni inayosema kwamba ujumbe kutoka anwani fulani ya shule ya watoto usihesabiwe kuwa taka, na uwekwe kwenye folda yake, itakuletea utulivu mwingi. Kwa kawaida kanuni hufanya kazi kabla ya kichujio kinachojifunza, ingawa kila kanuni inaweza kupangwa ifanye kazi baada yake.

Kama silaha dhidi ya taka, kanuni ni dhaifu. Kuzuia anwani moja moja ni kuchota maji kwa pakacha, kwa kuwa watumaji wa taka hughushi anwani mpya kwa kila kundi la barua. Kufuta kila ujumbe wenye neno fulani, kama “mkopo” au “bure”, ni hatari zaidi, kwani hapo hakuna mizani yoyote: neno moja linaamua, na barua ya chuo kuhusu mkopo wa mwanao inafutwa bila wewe kujua kwamba iliwahi kufika.

Kwa watumiaji wa programu nyingine

Katika Apple Mail, fungua mipangilio ya barua taka na uwashe uchujaji. Utapewa chaguo la kuacha taka kwenye kikasha zikiwa na alama, au kuzihamisha. Ushauri wa wiki mbili unafaa hapa pia. Unaweza pia kuwaondolea shaka watumaji waliomo kwenye orodha ya watu unaowasiliana nao, wale uliowahi kuwaandikia, na barua zinazotaja jina lako kamili. Ninayapendelea mawili ya kwanza. La tatu ni dhaifu, maana majina kamili hupatikana kirahisi.

Outlook ya zamani ya Windows ina viwango vya uchujaji, kuanzia kutochuja kabisa, kisha cha chini, cha juu, hadi kile kinachopokea barua za watumaji walioidhinishwa peke yao. Hapo nguvu yako iko zaidi kwenye orodha ya watumaji salama kuliko kwenye mafunzo, kwa hiyo ijaze kwa uangalifu. Kiwango cha juu huwa kinakamata barua njema pia. Ukikichagua, usiwashe kamwe mpangilio wa kufuta taka moja kwa moja.

Gmail huchuja kwenye seva, na ripoti zako za taka na zisizo taka ndiyo mafunzo. Kwa mtumaji muhimu, tengeneza kichujio chenye sharti kwamba ujumbe wake usipelekwe kamwe kwenye taka. Kumbuka kwamba barua zilizomo katika folda ya taka hufutwa zenyewe baada ya siku 30, na kilichofutwa hakirudi.

Mafunzo yakiharibika, na yakihama

Siku moja mtu anaweza kuchagua kikasha kizima kwa bahati mbaya na kubonyeza J. Ukigundua mapema, chagua barua hizohizo na uzirudishie alama ya kuwa njema. Ikiwa makosa yamerundikana kwa miezi, pengine kwa sababu watu wawili walitumia kompyuta moja na kila mmoja akawa na maoni yake kuhusu taka ni nini, ni afadhali kuanza upya. Katika mipangilio ya faragha na usalama kuna kitufe cha kufuta mafunzo yote. Zima uhamishaji kwanza, bofya kitufe hicho, kisha urudie hatua za mwanzo, ukianza tena na barua njema.

Mafunzo ya Thunderbird hukaa katika faili moja iitwayo training.dat, ndani ya folda ya wasifu wako, yaani ile ambamo programu huweka mipangilio na data zako kwenye kompyuta. Haisafiri na akaunti: ukifungua akaunti ileile kwenye kompyuta nyingine, kichujio cha huko kitaanza bila kujua chochote. Kwa hiyo funga Thunderbird, nakili faili hiyo uiweke pamoja na nakala zako nyingine za akiba, na siku utakapohamia kompyuta mpya, iweke ndani ya folda ya wasifu ya huko kabla ya kuifungua programu kupokea barua.